Kiwanda cha Okpo na Wenyewe

Ukiitazama ramani ya Korea ya Kusini utaona kwamba pembe yake ya kusini-mashariki imemegukameguka, na visiwa vimetapakaa mbele ya pwani kama punje za mahindi zilizomwagika uani. Kimoja cha visiwa hivyo ni Geoje, cha pili kwa ukubwa katika nchi ile. Upande wake wa mashariki ipo ghuba ndogo yenye maji ya kina iitwayo Okpo. Wakorea waliijua ghuba hiyo tangu kale, kwa maana hapo ndipo jemadari wao wa bahari, Yi Sun-sin, alipopata ushindi wake wa kwanza juu ya merikebu za Wajapani mwaka 1592. Vita vilipokwisha Okpo ilirudi kuwa mahali pa wavuvi, ikakaa hivyo karibu miaka mia nne.

Leo hapo pana gudi ambalo urefu wake wapita mita 500, na juu yake imesimama winchi iwezayo kuinua tani 900 kwa mkupuo mmoja. Mkazi wa Mombasa hahitaji kuelezwa gudi ni nini, lakini kwa msomaji wa bara nitasema kwamba ni shimo kubwa lililojengwa kwa zege ukingoni mwa bahari na kuwekewa lango. Lango likifungwa maji hutolewa kwa pampu, na meli huundwa pakavu. Kazi ikiisha lango hufunguliwa, bahari ikaingia, na meli ikaelea yenyewe bila kusukumwa. Huko Lamu fundi wa jahazi huanza na mkuku, akasimamisha mataruma, kisha akapigilia mbao moja baada ya nyingine. Okpo hawafanyi hivyo. Meli yao huundwa vipande vipande mbali na gudi, kila kipande kikubwa kama nyumba ya ghorofa, kisha winchi huvibeba na kuvishusha gudini, na walehemu huviunga kwa moto.

Lakini nia yangu si kukusimulia namna meli iundwavyo. Nataka tuulizane swali ambalo laonekana jepesi: kiwanda hiki ni cha nani? Wapo wasemao kwamba mwenye mali ni yule ambaye jina lake limeandikwa langoni. Katika Okpo jina la langoni limebadilika mara kadha wa kadha, na nadhani ukifuatana nami utaona kwamba jina hilo halikueleza nusu ya mambo.

Yafaa kwanza tukumbuke hali ya Korea. Wajapani waliitawala nchi hiyo tangu 1910 hata 1945. Kisha ikagawanywa, na toka 1950 hata 1953 ikateketezwa kwa vita baina ya kaskazini na kusini. Kisiwa cha Geoje chenyewe kiligeuzwa kambi ya wafungwa wa vita, watu zaidi ya 100,000 wakafungiwa humo kwa seng'enge. Vita vilipotulia nchi ya kusini ilikuwa miongoni mwa nchi maskini za dunia. Mwaka 1961 mwanajeshi mmoja, Park Chung-hee, alitwaa serikali kwa nguvu, na Januari 1973 akatangaza kwamba nchi itajenga viwanda vizito: vya chuma, vya mashine, vya madawa ya viwandani, na vya meli.

Namna yake ya kujenga yastahili kuangaliwa. Serikali haikujenga viwanda vingi kwa mkono wake. Iliwachagua wafanya biashara, ikawakopesha fedha kwa riba ndogo kupitia mabenki iliyoyashika yenyewe, kisha ikawaagiza watengeneze nini na wauze kiasi gani ng'ambo. Mfanya biashara aliyetii alineemeka. Aliyekataa alijua kwamba kesho benki haitamfungulia mlango. Kwa hiyo tangu mwanzo hapakuwa na mpaka ulio wazi baina ya mali ya mtu na mali ya umma, na jambo hili, msomaji, ulishike, maana ndilo mzizi wa yote yafuatayo.

Kampuni iliyopewa kujenga kiwanda cha Okpo ilikuwa na historia yake. Ilianzishwa na Wajapani mjini Busan mwaka 1937. Baada ya uhuru ikafanywa kampuni ya serikali mwaka 1950, na mwaka 1968 ikauzwa kwa watu binafsi. Mwezi wa Oktoba 1973 ikaanza kuchimba Okpo, kwa tamaa ya kuunda meli kubwa mno za kuchukulia mafuta. Mwezi huo huo vita vikazuka Mashariki ya Kati, na mara bei ya mafuta ikapanda. Ilipofika mwanzo wa 1974 ilikuwa imepata kuwa mara nne ya ilivyokuwa. Watu wakapunguza kutumia mafuta, meli za mafuta zikatia nanga bila kazi, na hakuna aliyetaka kuagiza nyingine. Basi shimo la Okpo likabaki shimo. Miaka mitano ikapita, fedha zikaisha, na kazi haijakamilika. Kampuni ile ya Busan yenyewe iliendelea kutapatapa, na mwishowe ikaangukia mikononi mwa kampuni nyingine iitwayo Hanjin. Lakini hiyo ni hadithi mbali.

Hata mwaka 1978 serikali ikamtafuta mtu wa kuibeba Okpo, ikampata Kim Woo-choong. Huyu alizaliwa mwaka 1936. Mwaka 1967 alikuwa ameanzisha kampuni ndogo ya kuuza nguo ng'ambo, akaiita Daewoo, maana yake Ulimwengu Mkubwa. Jina lilikuwa kubwa kuliko duka, lakini duka lilikua upesi. Kim alisifika kwa kununua viwanda vilivyoelekea kufa na kuvifufua, na serikali ilimpenda kwa sababu hiyo. Okpo, walakini, hakuitamani. Alijua nguo, hakujua meli. Na gudi lile lilikuwa mzigo ambao mwenye akili asingejitwika kwa hiari. Serikali ilimsukuma, naye akakubali, na Benki ya Maendeleo ya Korea, ambayo ni benki ya serikali, ikatia fedha zake pamoja na zake. Kiwanda kikamalizika mwaka 1981.

Kwa hiyo mwaka 1981 ungeuliza Okpo ni ya nani, kila mtu angekujibu: ya Daewoo, ya Kim. Jibu hilo lingekuwa kweli kwa maandishi. Lakini fedha nyingi zilikuwa za kukopa, na mkopeshaji alikuwa serikali. Mimi huwauliza wanafunzi wangu hivi: mtu akinunua ng'ombe kwa fedha za jirani, maziwa akanywa yeye, na ng'ombe akifa hasara ikawa ya jirani, je, ng'ombe alikuwa wa nani? Darasa hugawanyika sehemu mbili kila mwaka.

Kulikuwako wengine walioibeba Okpo, nao hawakuwa na hisa hata moja. Katika miaka ya themanini walehemu, wapaka rangi na mafundi wa mabomba walifanya kazi saa nyingi kwa mshahara mdogo, na vyama vyao vilibanwa na serikali ya kijeshi. Katika kiangazi cha 1987 wafanyakazi wa Korea nzima waliinuka kudai haki zao. Okpo nako waligoma. Mwezi wa Agosti polisi walipowatawanya waandamanaji kwa mabomu ya kutoa machozi, kijana mmoja wa kiwandani alipigwa na bomu hilo akafa. Wakili mmoja aliyekwenda kuisaidia jamaa yake na wafanyakazi wenziwe alikamatwa kwa kosa la kujiingiza katika ugomvi usiomhusu. Wakili huyo aliitwa Roh Moo-hyun, na miaka 16 baadaye, yaani 2003, alikuwa rais wa nchi.

Mishahara ikapanda, lakini meli zilikuwa hazina bei, na kampuni ikakaribia kufilisika. Mwaka 1989 serikali ikaiokoa kwa kuahirisha madeni na kuongeza mkopo, kwa sharti kwamba Kim auze baadhi ya mali zake nyingine. Kim naye akahamia Okpo, akaishi karibu na wafanyakazi wake na kuwasikiliza. Sipendi kumsifu mtu kupita kiasi, na hivi punde utaona kwa nini. Lakini kwa jambo hili haki yake apewe. Faida ikarudi, na katika miaka ya tisini Okpo ikawa miongoni mwa viwanda vikubwa vya meli duniani.

Kisha ikaja dhoruba ya 1997. Fedha za nchi kadha za Asia zilianguka thamani, na Korea ikalazimika kuomba msaada wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Makampuni mengine yalipunguza madeni. Daewoo ikaongeza. Kim aliamini kwamba atakayekimbia mbele zaidi ndiye atakayeokoka, akaendelea kununua na kukopa, na vitabu vya hesabu vikaandikwa visivyokuwa kweli ili wakopeshaji wasishtuke. Mwezi wa Agosti 1999 jengo lote lilianguka. Daewoo, iliyohesabiwa wakati huo kuwa ya pili kwa ukubwa katika Korea, ilishindwa kulipa madeni yaliyozidi dola bilioni 50. Kim akaihama nchi. Alirudi mwaka 2005, akahukumiwa kifungo mwaka uliofuata kwa udanganyifu, akasamehewa mwishoni mwa 2007, na akafariki mwaka 2019.

Wakati ule kiwanda cha Okpo kilikuwa kimeunganishwa, tangu 1994, na kampuni nyingine ya Daewoo ya mashine nzito. Mwezi wa Oktoba 2000 kikatengwa kiwe kampuni peke yake, na wadai wakageuza madeni yao kuwa hisa. Neno hili pengine ni geni kwako, nami nitalifafanua. Tuseme umemkopesha mwenye duka shilingi 10,000, naye hana cha kukulipa. Waweza kulifunga duka na kuuza rafu zake, ukapata shilingi 1,000. Au waweza kumwambia: deni nalisamehe, ila tangu leo duka ni langu na wewe u mtumishi. Basi Benki ya Maendeleo ya Korea ilichagua njia ya pili, ikawa mwenye hisa nyingi kuliko wote. Na kwa kuwa benki hiyo ni ya serikali, mwenye mali wa kweli akawa ni kila Mkorea alipaye kodi, hata yule muuza mboga wa mlimani ambaye hajaona bahari.

Jina la Daewoo halikufutwa, kwa kuwa wenye kununua meli walilizoea. Mwaka 2002 kampuni ikaitwa Daewoo Shipbuilding and Marine Engineering. Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. China ilikuwa ikinunua na kuuza kwa kasi, na kila mwenye meli alitaka nyingine. Kampuni ya Maersk ya Denmark iliagiza Okpo meli 20 za makontena mwaka 2011, kila moja yenye urefu wa mita 400 na uwezo wa kuchukua makontena 18,000 ya futi ishirini. Ya kwanza ilitoka mwaka 2013, na kwa wakati ule hapakuwa na meli ya makontena kubwa kuliko hiyo. Okpo iliunda pia meli 15 za kuchukulia gesi kutoka kaskazini ya Urusi, zenye kuweza kuvunja barafu ya unene wa mita 2. Ya kwanza kati yake, Christophe de Margerie, ilikwenda kutoka Norway hata Korea katika mwezi wa Agosti 2017, ikipita juu ya Urusi katika bahari ya barafu bila meli nyingine kuitangulia. Nadhani mabaharia wetu wa zamani, waliongojea kaskazi na kusi, wangesikia habari hiyo wakanyamaza kwa muda.

Kisiwani Geoje kiko kiwanda cha pili, cha kampuni ya Samsung, nacho kina uhusiano na upande wetu wa bahari: mtambo mkubwa unaoelea uitwao Coral Sul, unaovuta gesi katika bahari ya Msumbiji ya kaskazini, uliundwa huko na kuondoka mwaka 2021. Hiyo naisema kwa kupita tu. Turudi Okpo.

Benki haikukusudia kubaki mwunda meli. Mwaka 2008 ikatangaza kuuza hisa zake, na mshindi akawa Hanwha, kampuni iliyoanza mwaka 1952 kwa kutengeneza baruti. Bei ilikuwa kama won trilioni 6.3. Lakini mwaka ule ule mabenki ya Marekani yakaanguka, fedha zikaadimika duniani, na Hanwha ikashindwa kukamilisha. Januari 2009 mapatano yakavunjika. Benki ikazuia arubuni ya won bilioni 315 iliyokwisha lipwa, wakaenda mahakamani, na baada ya miaka mingi mahakama ikaamuru sehemu yake irudishwe. Okpo ikabaki kwa benki.

Na hapa, msomaji, ndipo palipo na sumu. Mali ya mtu mmoja huwa na jicho la mwenyewe. Mali ya umma yahitaji macho zaidi ya hayo, lakini aghalabu hupata machache. Wakuu wa kampuni waliteuliwa, wakakaa muda wao, wakaondoka. Na kila mmoja alitaka faida ionekane katika siku zake, kwa kuwa faida ndiyo iliyomwongezea muda na zawadi. Meli zilipopungua bei baada ya 2008 walikimbilia mitambo ya kuchimba mafuta baharini, kazi ngumu ambayo hawakuwa wameizoea, wakaikubali kwa bei za chini ili vitabu vionyeshe maagizo mengi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Okpo ilikuwa na daftari, tena nene. Ila liliandikwa uongo. Uongo wenyewe ulikuwa wa namna hii. Tuseme fundi amekubali kujenga nyumba kwa shilingi 1,000,000, naye akadiria kwamba gharama itakuwa 800,000. Akisha tumia 400,000 husema: nimefika nusu, basi nusu ya faida yangu, shilingi 100,000, naiandika leo. Hesabu hiyo ni halali maadam makadirio ni ya kweli. Lakini kama fundi ajua moyoni kwamba gharama itafika 1,200,000, basi hajafika nusu, yuko katika theluthi; wala hana faida, ana hasara ya 200,000 inayomngojea mbele. Akinyamaza na kuandika 800,000, daftari litamsifu mpaka siku ya mwisho wa kazi. Wakuu wa Okpo walifanya hivyo kwa mitambo yenye thamani ya mabilioni.

Siku ya mwisho iliharakishwa na kuanguka kwa bei ya mafuta mwaka 2014. Walioagiza mitambo hawakuitaka tena, au hawakuwa na fedha. Shirika la mafuta la Angola, Sonangol, lilikuwa limeagiza meli mbili za kuchimbia mafuta mwaka 2013; meli zilikamilika, zikakaa Okpo zikingoja malipo, na hazikuondoka mpaka 2019. Katika kiangazi cha 2015 kampuni ikatangaza hasara ya won zaidi ya trilioni 3 kwa robo moja ya mwaka. Wachunguzi walipofunua madaftari, mkuu mmoja wa zamani alipatikana na hatia akafungwa miaka 9, na mwingine naye akafungwa. Wakaguzi wa hesabu waliotia sahihi zao nao walishtakiwa na kuhukumiwa.

Wangeweza kukiacha kiwanda kife. Wako waliotaka hivyo, na hoja yao haikuwa ya upuuzi. Lakini tazama: mwenye kuagiza meli hulipa sehemu ya bei mapema, na benki humdhamini mwunda meli kwamba meli isipopatikana fedha zitarudishwa. Okpo ingefungwa, dhamana zote zingedaiwa siku moja, na waliodhamini ni mabenki yale yale ya serikali. Tena kisiwa kizima kilikula kwa gudi. Kwa hiyo Oktoba 2015 won trilioni 4.2 ziliahidiwa, na Machi 2017 trilioni 2.9 nyingine, na madeni mengine yakageuzwa hisa kwa mara ya pili. Muuza mboga wa mlimani alikuwa amekinunua kiwanda kile kile mara mbili.

Mwaka 2019 benki ikatoa shauri la kukiunganisha na mshindani wake mkubwa, Hyundai wa Ulsan. Shauri hilo lilihitaji ridhaa ya nchi za wanunuzi. Kazakhstan, Singapore na China zilikubali. Umoja wa Ulaya ukakataa Januari 2022, kwa hoja kwamba viwanda hivyo viwili vikiungana vitashika asilimia 60 au zaidi ya meli za kuchukulia gesi duniani, na mnunuzi hatakuwa na pa kukimbilia. Kumbe mtu aliye Brussels aweza kuwa na sauti juu ya nani amiliki gudi la Geoje, naye hana hisa wala nyundo.

Miezi michache baadaye sauti nyingine ilisikika, ya watu wenye nyundo. Katika Okpo, kama katika viwanda vingine vya Korea, maelfu ya wafanyakazi hawaajiriwi na kampuni yenyewe. Huajiriwa na wakandarasi wadogo, wakalipwa kidogo, na kazi ikipungua ndio watolewao kwanza. Miaka ya shida mishahara yao ilikatwa, na mwaka 2022 wakadai asilimia 30 waliyosema wamenyang'anywa irudishwe. Tarehe 2 Juni wakagoma. Wakandarasi wakasema: bei yetu hupangwa na kampuni kubwa, sisi hatuna cha kuongeza. Kampuni kubwa ikasema: ninyi si watumishi wetu, semeni na waajiri wenu. Nayo benki, iliyokuwa na zaidi ya nusu ya hisa, haikutaka kuhesabiwa kuwa mwajiri wa mtu. Kila mlango waliobisha walielekezwa mlango wa jirani.

Basi mlehemu mmoja akaingia katika chini ya meli ya mafuta iliyokuwa ikiundwa gudini, akajijengea kizimba cha vyuma chenye mita moja kila upande, akajifungia ndani kwa kulehemu. Hakuweza kusimama wala kunyoosha miguu. Bango lake liliuliza kama yawezekana kuendelea kuishi hivi walivyoishi. Alikaa humo siku 31, na meli ile haikuweza kuelea. Mgomo ulikwisha tarehe 22 Julai, siku ya 51, kwa nyongeza ya asilimia 4.5. Kampuni ikawashtaki viongozi wa mgomo, ikidai fidia ya won bilioni 47, fedha ambazo walehemu wachache wasingezilipa hata wangeishi mara kumi.

Septemba 2022 mnunuzi akatokea tena, naye ni yule yule Hanwha. Safari hii alitoa won trilioni 2 akapata hisa asilimia 49.3, na Mei 2023 jina likabadilishwa kuwa Hanwha Ocean. Wengine walicheka wakasema kwamba aliyengoja miaka 14 amepata kwa theluthi ya bei. Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwaka 2008 fedha zingekwenda kwa benki, mwuzaji. Mwaka 2022 ziliingia katika kampuni yenyewe kwa hisa mpya, na benki ikabaki na hisa asilimia 28 hivi. Walakini ni kweli kwamba hasara ya miaka ya katikati hakuibeba mnunuzi.

Mwaka 2024 Hanwha ikavuka bahari na kununua kiwanda cha meli cha Philadelphia, Marekani, kwa dola milioni 100, mahali ambapo zamani jeshi la maji la Marekani liliunda manowari zake. Nchi iliyokuwa ikipokea unga wa msaada kutoka Marekani sasa yapeleka huko walimu wa kulehemu.

Na ile kesi ya won bilioni 47, ambayo mwenye mali mpya aliirithi pamoja na magudi na winchi, iliondolewa mahakamani mwezi wa Oktoba 2025. Miezi miwili kabla yake bunge la Korea lilikuwa limepitisha sheria, ianze kutumika Machi 2026, isemayo kwamba kampuni kubwa yenye kuamua masharti ya kazi ya watu wa wakandarasi itahesabiwa kuwa mwajiri wao, na haitaweza kuwakwepa wakitaka kuzungumza nayo.